Njaa ya Watatu

Njaa ilimkuta Mwalimu Nyamizi mstarini, mbele ya shule nzima, wimbo wa taifa ukiwa katikati. Ilimkaba chini ya kifua kama kawaida yake, kisha ikatulia. Hakushtuka. Njaa ya siku hizi ilimfikia ikiwa imeshakatwa vipande vitatu, na kipande kimoja mtu mzima anaweza kusimama nacho na akaimba mpaka mwisho.

Watoto walipoingia madarasani alijifungia ofisini, akamimina chai ya rangi isiyo na sukari, akabandika nyuma ya sikio kisemeo chake, redio ndogo ya kundi. Wenzake wawili walikuwa wameshaingia hewani.

"Kijiwe kimejaa?" aliuliza.

"Kimejaa, ila mwenye kijiwe kachelewa," alijibu Mzee Pazi, dereva wa treni mstaafu, sauti nene iliyozoea kushindana na injini. "Mnyamwezi ukimpa ukuu wa shule, anataka na jua limsubiri."

"Na Mzaramo akistaafu hubaki na mdomo tu. Yustina, mwanangu, umeamkaje?"

Yustina ndiye aliyekuwa mgeni wao. Kazi yake ilikuwa kurusha ndege ndogo za dawa kwenda vijijini, lakini sasa alikuwa likizo ya ugonjwa nyumbani kwa dada yake, mshono wa tumbo ukiwa bado mbichi.

"Shikamoo Mwalimu. Nimeamka na njaa."

"Marahaba. Njaa gani?"

"Njaa kabisa. Supu nimekunywa, vijiko vyangu vyote nilivyopangiwa. Nimekaa kidogo tu, hiyo imerudi. Mtoto wa dada alikuwa anakula chapati, nikatamani kumnyang'anya. Mwalimu, naona aibu hata kusema."

"Usione aibu. Hiyo siyo ya tumboni, ni ya kichwani. Sote tumeipitia. Kunywa maji, kidogo kidogo, tembea uani, ongea na dada. Sisi tuko chini yako, tumekushika. Hutaanguka."

"Asante, Mwalimu. Sijui ningekuwa wapi bila wewe."

Nyamizi alitabasamu peke yake. Maneno kama hayo yalimshibisha kuliko chai. Mzee Pazi, ambaye hakuwahi kuacha sentensi ya mtu ipite bila kuikanyaga, safari hii alinyamaza.

Kwa asiyejua, kundi lao liliitwa mafiga. Kituo cha upasuaji kilichopo nyuma ya stesheni ya Tabora kilikuwa kimeacha zamani kumwachia mgonjwa apambane peke yake. Tumbo likishapunguzwa, daktari anashonea juu yake ushanga mmoja, mdogo kuliko punje ya mtama. Ushanga huo unasikiliza njaa ya tumbo lile na kuzipelekea shanga za wenzake wawili, nazo zinaleta za kwao. Njaa zote tatu zinachanganywa, kisha zinagawanywa sawa kwa sawa, na kila mmoja anapata theluthi yake. Shibe nayo hivyo hivyo. Mgonjwa mpya anawakuta wawili waliomtangulia wamekaa kama mawe ya jiko, yeye ni sufuria. Watu wengi walipona kwa njia hiyo, na mtu asije akasema vinginevyo.

Kitu kimoja tu kilifichwa kwa makusudi. Ushanga hausemi njaa ni ya nani. Zamani ulikuwa unasema, na mafiga ya kwanza yalisutana mpaka yakavunjika. Watu waliitana walafi hadharani, mama mmoja akahama mji. Basi wakaweka kile walichokiita stara. Daktari mwenyewe haoni, na anayemtaja mwenzake huondolewa kundini.

Sasa, Mwalimu Nyamizi alikuwa ameacha kula.

Hakuacha kwa sababu ya maradhi. Aliacha kwa sababu ya kiti. Miaka ile ya unene wake, siku ya kikao cha wazazi, kiti cha plastiki kilipasuka chini yake huku akisoma matokeo ya mitihani. Hakuna aliyecheka. Wazazi wote walikaza midomo, wengine wakainama kutafuta vitu ambavyo havikuwa vimeanguka, na huko kutocheka kwao ndiko kulikomchoma. Akaenda kupasuliwa kwa siri, akaaga kwamba anakwenda semina Dodoma. Alipoanza kupungua aliwaambia watu ni mazoezi, kwamba kila alfajiri anatembea mpaka bwawani na kurudi. Walimu wa kike wakamtaka wafuatane naye. Akawa na udhuru kila wiki.

Halafu mzazi mmoja, Mama Shukuru, mwenye duka la vitenge, alimwangalia langoni mwa shule akasema kwa upendo kabisa, "Mwalimu, naona unaanza kurudi rudi." Basi. Tangu siku ile Nyamizi alishinda na chai ya rangi, jioni akala yai nusu. Na haikumuuma sana. Alijua kwa nini haikumuuma. Hesabu za theluthi alikuwa akizifundisha darasa la nne. Hii moja tu ndiyo hakutaka kuifanya mpaka jibu lake.

*

Shangazi yake Nyamizi alipofariki, Mzee Pazi alikuja msibani mtaa wa Cheyo akiwa amevaa kofia ndani nje na koti la treni lililofungwa kamba ya katani kiunoni. Waombolezaji walianza kutabasamu kabla hajafungua mdomo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani msibani ana ruhusa ambayo hata mtoto wa marehemu hana. Anaweza kulala kaburini kabla ya maiti, kuficha koleo, kumtukana mfiwa, na mfiwa akikasirika aibu ni yake.

Chakula kilipoiva Mzee Pazi aliketi juu ya mfuniko wa sufuria la wali.

"Hali mtu hapa!" alitangaza. "Hali mtu mpaka mwalimu mkuu ale kwanza, nimwone kwa macho yangu!"

"Mtani, ondoka hapo, utaungua," alisema Nyamizi.

"Niungue tu! Jamani, nyie mlishaona wapi Mnyamwezi akamtwisha mtu mzigo? Babu zake walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani, babu zangu wamekaa kivulini mwa mnazi wanawapigia makofi. Huyu kaugeuza ulimwengu! Huyu mpagazi wa aina mpya, anatembea mikono mitupu, mizigo kawabebesha wenzake! Ale!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nyamizi alicheka kuwashinda wote, maana ndiyo heshima ya utani. Akawekewa wali na nyama, ukoo mzima ukimtazama, akala. Alikula kidogo kidogo kama walivyofundishwa, akatafuna mpaka punje zikawa maji, na alipomaliza alihisi joto likimpanda hadi masikioni, kwanza la shibe, kisha la hofu ya mizani. Wote walikuwa wakicheka isipokuwa Mzee Pazi. Yeye alikuwa ameshashuka kwenye mfuniko, anautazama mdomo wa Nyamizi.

Alasiri kisemeo kilimwita.

"Mwalimu! Hutaamini! Leo njaa imekatika! Adhuhuri nilikuwa nayo, baadaye ikaisha yenyewe, puu! Nimekaa na dada anapika maandazi wala sikutetereka. Nimeitoa kichwani kama ulivyoniambia!"

"Si nilikuambia? Hongera, mwanangu. Umeshinda."

"Mnyamwezi," iliingia sauti ya Mzee Pazi, taratibu, "kesho nako huko kwenu kuna msiba?"

"Koma, mtani! Unawaombea watu wangu kifo?"

"Nauliza tu. Misiba yenu ina faida."

Yustina alicheka. Nyamizi naye alicheka. Lakini maneno ya mtani mtu huyasikiliza kwa sikio la kucheka, ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyoyasikiliza. Wala Mzee Pazi hakuwa na mlango mwingine wa kupita. Stara ilimkataza kusema waziwazi, akabaki na huo mmoja. Kesho yake Nyamizi alirudi kwenye chai yake. Ili kuufidia ule wali, hata nusu yai aliiacha.

*

Yustina aliokotwa mbele ya kibanda cha chipsi.

Dada yake alikuwa ametoka kidogo. Yustina alivaa kanga, akavuka barabara, akaagiza chipsi mayai, akala sahani nzima akiwa amesimama, bila hata kungoja zipoe. Muuzaji alisema alikuwa anakula huku analia. Mshono ukafumuka. Walimkimbiza kituoni, wakampasua tena.

Mratibu wa mafiga, Daktari Kunambi, mama mwenye sauti ya chini, aliwaita Nyamizi na Mzee Pazi ofisini kwake.

"Yuko hai," alisema. "Tumeshona, ila palepale pakifumuka tena sitakuwa na pa kushona. Naomba mnielewe ninavyosema hivyo."

"Tumekuelewa," alisema Mzee Pazi.

"Kanuni inasema aliyefumua mshono kwa kula, ushanga wake unazimwa, apishe mwingine mwenye nidhamu. Foleni ni ndefu. Atabeba njaa yake mwenyewe, na kwa hali ile, kusema kweli, naogopa. Ndiyo maana nimekuita, Mwalimu. Wewe ndiye uliyekuwa ukimwongoza kila asubuhi. Ukiniambia njaa mliyokuwa mnagawana ilikuwa kubwa kupita kawaida, nitasimamisha, niombe stara ifunguliwe, nichunguze. Ukiniambia ilikuwa ya kawaida na binti alishindwa na tamaa yake, kesho nazima. Nitachukua neno lako."

"Na ukichunguza?" aliuliza Nyamizi. "Ukikuta kuna mtu alikuwa… kuna mtu hali?"

"Huyo ndiye atakayezimiwa. Njaa yake yote itarudi kwake."

Nyamizi aliuona mwili wake wa zamani umeketi kwenye kiti cha pili, ukimngoja. Aliusikia mlio wa plastiki. Aliwaona wazazi wakiinama kutafuta vitu chini. Mzee Pazi alikuwa kando yake, mikono magotini.

"Mtani, sema," alimwambia kwa sauti ndogo.

"Niseme nini?"

Mzee akageuza uso dirishani; kusema zaidi kungekuwa kumtaja.

"Daktari, naomba nimwone kwanza mgonjwa," alisema Nyamizi, na papo hapo alijionea haya. Alijua haendi kumwona mgonjwa. Alikuwa anaahirisha.

*

Yustina alikuwa amelala ubavu, uso ukutani, dripu mkononi. Hakuruhusiwa kumeza hata mate kwa raha.

"Mwalimu, nisamehe," alisema kabla hajasalimiwa. "Nimekuaibisha."

"Usiseme hivyo."

"Umenishika mkono kila siku, halafu nimekufanyia nini? Nilisimama pale kibandani najiambia ya kichwani, Yustina, ya kichwani hiyo, mkono umeshachukua. Kumbe walivyokuwa wananiita shuleni ndivyo nilivyo. Mlafi tu. Waache wauzime. Mtu kama mimi hastahili kubebwa na watu."

Nyamizi alishika chuma cha kitanda. Alitaka sakafu ipasuke kama kile kiti.

"Sasa hivi unasikiaje?"

"Njaa." Yustina alianza kulia bila sauti. "Nina kidonda tumbo zima, Mwalimu, na bado nasikia njaa. Niambie, mtu gani huyo?"

Nyamizi hakuwa ametia kitu mdomoni tangu habari ya kibanda cha chipsi imfikie, siku moja na zaidi. Alitoka wodini bila kuaga. Nje ya geti, mama lishe alimpakulia ugali na mlenda kwenye bakuli, akamwuliza kama aongeze pilipili, naye hakusikia. Alirudi mbio na bakuli lake mpaka kitandani, akavuta kigoda.

Muuguzi alimwona. "Mwalimu, samahani, wodi hii hatuingizi chakula. Huyu haruhusiwi."

"Siyo chake," alisema Mzee Pazi kutoka mlangoni. "Mwache ale, binti yangu. Mwache."

Nyamizi alimega tonge dogo, akachovya, akatafuna. Yustina aligeuka kwa harufu, akamwona, macho yakamtoka.

"Mwalimu? Unakula mbele yangu?"

Mdomo ulikuwa umejaa, machozi yanachuruzika mpaka kwenye bakuli. Alimega la pili. La tatu. Ushanga hauna haraka. Unangoja tumbo lisadiki. Muuguzi alisimama, hajui amzuie nani. Mama wa kitanda cha jirani aliacha kupepea mgonjwa wake akatazama. Katika maisha yake yote Nyamizi alikuwa amekimbia hiki hiki, watu kumtazama anavyokula, na sasa aliendelea kumega.

Yustina aliweka mkono chini ya kifua chake.

"Imepungua," alisema.

Nyamizi alimeza tonge jingine.

"Imepungua tena." Alitazama bakuli, akatazama vidole vya mwalimu wake, akatazama mdomo. Haikumchukua muda, alikuwa binti mwenye akili. "Ilikuwa yako."

"Yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ulipojiunga nasi. Na kabla yake. Nilikuwa sili, Yustina. Niliogopa kunenepa, nikawa sili, ninyi mkawa mnaibeba."

"Na siku ile ya msiba? Niliposhinda?"

"Nilikuwa nimekula wali."

Laiti Yustina angepiga kelele. Laiti angemrushia kikombe. Alilala chali, akaitazama dari.

"Kila asubuhi uliniambia ni ya kichwani," alisema. "Nikakuamini. Nikajichukia, Mwalimu. Nimejichukia sana."

Nyamizi alimgeukia Mzee Pazi kama mtu anayetafuta pa kushika. Alitaka kutukanwa. Alitaka kofia ndani nje na watu wacheke, jambo hili lipite mahali pa kucheka kama yote yalivyopita.

"Mtani, sema chochote. Niite mpagazi."

"Leo sikutanii, Nyamizi."

Hakuwahi kumwita kwa jina lake. Nyamizi aliweka bakuli chini, akainama, akafunika uso kwa viganja vilivyokuwa bado na mlenda. Aibu ilimpata tupu, bila kicheko cha kuifunika.

*

Alimwambia Daktari Kunambi yote, akiwa amesimama, kama mtoto aliyeitwa ofisini. Daktari hakumkaripia. Alimwomba alale kwenye meza, akapitisha kifaa cha baridi juu ya kitovu, kikalia mara moja, ushanga ukazimika.

"Yustina anabaki," alisema. "Tutamtafutia figa la tatu. Wewe utakuja kliniki kila wiki. Kula, Mwalimu. Kidogo, lakini kula."

Nyamizi alitoka akaketi kwenye benchi la nje, karibu na geti. Bado hajajifunga kanga vizuri, njaa ikaja. Ilikuja nzima, kama mgeni aliyerudi na masanduku yake yote. Alikuwa ameusahau ukubwa wake. Hii yote alikuwa ameisukuma kwa binti mwenye kidonda, asubuhi baada ya asubuhi, huku akimwambia anywe maji. Alijiinamia, akasikia kinyaa na nafsi yake.

Viatu vikubwa vilisimama mbele yake. Mzee Pazi alikuwa ameshika lile bakuli, limefunikwa na sahani.

"Anasemaje?" aliuliza Nyamizi.

"Hataki kukuona. Usimlazimishe."

"Sitamlazimisha."

Mzee alimwekea bakuli mapajani. Akakohoa kama anayewasha injini ya zamani.

"Haya, mpagazi," alisema. "Huo wako. Beba."

Akaondoka kurudi wodini. Nyamizi alifunua sahani. Ugali ulikuwa umepoa, mlenda umeshikana. Alikuwa anamega tonge la kwanza alipoitwa kutoka getini.

"Mwalimu! Ni wewe?" Alikuwa Mama Shukuru, chupa ya uji mkononi, amekuja kumtazama jamaa yake. Alimwona mwalimu mkuu anakula hadharani, kwenye benchi, vidole vikichuruzika, akajitahidi asionyeshe mshangao. "Pole, umekuja kuona mgonjwa?"

Jibu lilikuwa limeiva tayari, na lilikuwa hata la kweli. Angesema ndiyo, mambo yangeishia hapo.

"Mgonjwa ni mimi," alisema Nyamizi. "Nilipasuliwa hapa, tumbo langu likapunguzwa."

Mama Shukuru alikaza midomo. Nyamizi aliijua ile midomo.

"Kumbe… siyo kule kutembea bwawani?"

"Sijawahi kufika bwawani."

Mama Shukuru alihamishia chupa ya uji mkono wa pili, wala hakuondoka. Uso wa Nyamizi uliwaka. Alichovya tonge, akalitia mdomoni, akatafuna taratibu kama alivyokuwa akiwafundisha wengine. Alikula hivyo hivyo, akitazamwa, na shibe ilipokuja, ilikuja kwake peke yake.